Kigae Nyuma ya Jiko

Katika nyumba nzima hakuna ukuta unaoonewa kama ule ulio nyuma ya jiko. Ukuta wa sebuleni hupakwa rangi, ukatundikwa saa na picha ya Makka, ukaachwa ukae kwa raha zake. Wa chumbani haujui hata harufu ya kitunguu. Lakini huu wa jikoni hurushiwa mafuta ya mahamri tangu alfajiri, ukafukizwa mvuke wa maharagwe adhuhuri, na magharibi ukarukiwa mchuzi wa nazi uliochemka ukafurika. Mwenye nyumba huupaka rangi ya mafuta akadhani amemaliza. Mwaka haupiti, rangi hiyo imegeuka kahawia karibu na jiko, na karibu na sinki imevimba na kuchubuka kama ngozi ya aliyeungua.

Dawa yake inajulikana. Ni kuubandika vigae, ambavyo mafundi wa siku hizi huviita tailisi. Hapo ndipo watu husita. Wako wasemao kwamba hayo ni mambo ya matajiri, wako wasemao ni mambo ya kizungu, na walio wengi husema kazi hiyo haishikiki ila na fundi. Maneno yote matatu yana walakini.

Mfano wetu leo tumeutoa mbali na bahari, Eldoret, na tuna sababu. Mji huo uko kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Watu wetu wa pwani wafikao huko kwa kazi, au kwa masomo ya Chuo Kikuu cha Moi kilichoanzishwa mwaka 1984, au kwa kumuuguza mgonjwa katika hospitali kuu ya rufaa, hushangazwa na jiko kabla ya kushangazwa na baridi. Maji yanatokota, lakini maharagwe hayaivi! Si uchawi. Kadiri mtu apandavyo mlima ndivyo hewa ipunguavyo uzito, na maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kwa kimo cha Eldoret huchemka kwenye kiasi cha nyuzi 93. Basi chungu kitakaa motoni muda mrefu zaidi, na mvuke utatoka muda mrefu zaidi. Ongeza baridi ya mvua za Aprili hadi Agosti, ambayo hakuna afunguaye dirisha kwayo. Mvuke huo utakwenda wapi? Unakwenda ukutani. Aliyezoea jiko la uani Mombasa, ambako upepo huuchukua moshi bila kuombwa, hajui mateso ya ukuta wa bara.

Isitoshe, Eldoret si mji mkongwe. Chanzo chake ni posta iliyofunguliwa mwaka 1910 katika shamba nambari 64 la walowezi, na mpaka leo wenyeji huuita Sisibo, yaani hiyo sitini na nne ya Kiingereza iliyotafunwa ikalainika kinywani. Husimuliwa kwamba benki yake ya mwanzo ilijengwa kulizunguka sanduku la chuma la fedha, lililoanguka kutoka garini likawashinda watu kuliinua. Kweli au si kweli, hadithi hiyo inaufaa mji uliozoea kujenga kwanza na kufikiri baadaye. Agosti 2024 ulitunukiwa hadhi ya jiji, na nyumba za kupangisha zinaota huko kama uyoga: lipu, rangi, mlango, na mpangaji aingie. Ukuta wa jikoni haukumbukwi na mtu.

Tuanze na hilo la uzungu, maana ndilo linaloniudhi zaidi.

Neno lenyewe kigae ni letu. Mtoto wa pwani alilijua kabla hajasikia habari ya tailisi. Kigae ni kipande cha chungu kilichovunjika, ambacho bibi zetu walikitumia kuchukulia kaa la moto kutoka kwa jirani. Wala wajenzi wa Kiswahili hawakumngoja mgeni awafundishe kutia udongo wenye kung'aa ukutani. Nenda Gedi, mji ulioachwa msituni karibu na Watamu, ambao Bwana James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948 na ambao mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kibla cha msikiti wake mkuu kilipambwa kwa mabakuli ya kaure yaliyozamishwa ukutani. Nenda Mambrui, kaskazini ya Malindi, kwenye kaburi la mnara. Nenda Kunduchi, nje kidogo ya Dar es Salaam, kwenye makaburi ya karne ya 18. Kote huko utaona kazi ni moja, sahani na mabakuli ya Uchina yaliyokuja kwa majahazi, yakatiwa ndani ya chokaa yakatazama nje.

Wala kaure haikuwa ya misikiti na makaburi tu. Katika nyumba za mawe za Lamu, bakuli la kaure lilizamishwa katika sakafu ya birika la chooni. Maji ya birika yakipungua, hubakia kidogo ndani ya bakuli, na visamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu vikapata pa kujisitiri mpaka birika lijazwe tena. Tazama busara hiyo! Wazee hawakuyatia mabakuli kwa urembo peke yake. Walijua kwamba udongo uliochomwa ukapakwa kioo juu haunywi maji, haushiki uchafu, na hupanguswa kwa kitambaa kimoja ukarudi kama ulivyokuwa.

Na nje ya pwani yetu, ulimwengu wa Kiislamu ndio uliokikuza kigae. Waarabu wa Maghribi hukiita zulayj, na Wareno wakalichukua neno hilo likawa azulejo. Waajemi hukiita kashi, kwa jina la mji wa Kashan. Waturuki walivichoma Iznik, na katika karne ya 16 vikaipamba misikiti ya Istanbul. Basi anayesema kigae ni jambo la kizungu huyo amekiona dukani hakukiona mahali pengine. Na mambo yamezunguka mpaka yamerudi yalikoanzia. Wachina waliotuletea kaure kwa bahari, leo wana kiwanda cha vigae hapa hapa Kenya, katika Kajiado, kilichoanza kazi katika miaka ya 2010. Kigae kisafirishwacho kwa lori hadi Eldoret huenda kimezaliwa kwa udongo wa Kimasai.

Katika makaburi mengi ya zamani mabakuli yenyewe hayapo tena. Yamechokolewa na wezi, likabaki shimo la mviringo katika chokaa. Mimi husimama kulitazama shimo hilo kuliko ninavyolitazama bakuli lililosalimika, kwani shimo ndilo lisemalo siri ya fundi. Hakulipachika bakuli juu ya ukuta. Alilichimbia nyumba yake ndani ya ukuta, lipu ikalikumbata pande zote. Aliyelitaka ilimbidi avunje. Shika hilo, tutalirudia.

Katika mtaa wa Kapsoya nilikaribishwa katika nyumba ya kupanga ya mtu na mkewe, wote wawili wazaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Mume ni mwalimu. Mke hukaanga mahamri na viazi vya karai akawauzia majirani, na asubuhi za baridi mlango wake haukosi watoto na bakuli. Ukuta wa nyuma ya jiko lao ulikuwa umekuwa kama nilivyoueleza, wa kahawia na wa kunata. Kila Shaabani, katika maandalizi ya kuupokea mwezi mtukufu, mke aliusugua kwa maji ya moto na sabuni mpaka vidole vikamchubuka. Na Ramadhani haijafika kumi la pili ukuta umerudi vile vile.

"Ukuta si wetu, ami," akaniambia, "lakini macho yanayoutazama kutwa ni yetu."

Fundi waliyemwita alitazama, akaguna, akasema kazi ni ndogo mno. Akija itabidi alipwe siku mbili kamili kama aliyejenga. Ndipo mume akaamua kuifanya mwenyewe. Jirani zake walimcheka, mwalimu ashike mwiko! Lakini sisi tuliosoma chuoni tumefundishwa, kwa habari zilizopokewa kwa Bibi Aisha, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake nyumbani. Ukuta wa jikoni utamshushia nani cheo?

Kabla ya kununua hata kigae kimoja, mwalimu alifanya jambo ambalo wapangaji wengi hulipuuza. Alimwendea mwenye nyumba. Masheikh wetu hufundisha katika mlango wa ijara kwamba mpangaji hununua manufaa ya nyumba, hakununua nyumba. Kugongomea misumari ya kutundikia saa ni jambo moja. Kuutoboa ukuta wa mtu kwa tindo na kuubandika kitu kisichobandukika ni jambo jingine. Mwenye nyumba, mzee wa Kinandi, alimsikiliza kisha akauliza, "Mkihama mtaving'oa?"

"Having'oleki, mzee. Vitakuwa vyako."

Mzee akakaa kimya kidogo. Halafu akasema kwamba ikiwa vitakuwa vyake, si haki vigharamiwe na mwalimu peke yake. Atakata nusu ya bei ya vigae katika kodi ya miezi miwili. Wakaandika karatasi, wakatia sahihi na mashahidi wawili. Mzee, ambaye si Muislamu, alishangaa kuambiwa kwamba kuandika mapatano na kuweka mashahidi ni jambo lililoamrishwa katika Kurani. Alisema hata mahakamani hupendwa hivyo hivyo.

Sasa kazi yenyewe. Ukuta wao ulikuwa na urefu wa sentimita 305, na kutoka juu ya meza ya saruji hadi chini ya kabati ni sentimita 61. Walichagua vigae vya sentimita 30 kwa 20, vilazwe ubavu. Kwa kimo hesabu ilikaa kama iliyoagizwa: safu tatu za sentimita 20, nafasi mbili za milimita tatu tatu kati yake, na uwazi mwembamba chini juu ya meza. Hakuna cha kukatwa kwa kimo. Balaa lilikuwa kwa urefu. Mume alitaka aanzie pembeni kushoto aende kulia, kama aandikavyo ubaoni. Mke akavitandaza vigae kumi sakafuni juu ya mkeka, akaacha nafasi zake, akapima. Kumi viliingia, ikabaki sentimita mbili na kitu. Hicho kitu ni ukanda mwembamba usiokatika kwa zana ya mkono bila kuvunjika, na ukikatika huonekana kama kiraka.

"Umeona wapi kanga yenye pindo upande mmoja?" akamuuliza mumewe. "Anza na mji."

Hiyo ndiyo kanuni nzima ya ufundi huu, na sijaisikia ikisemwa vizuri zaidi. Tafuta katikati ya ukuta, upige mstari wa wima kwa timazi, ukitie kigae cha kwanza katikati ya mstari huo. Vigae vizima vikawa tisa, na kila mwisho kipande cha sentimita 16. Pindo kushoto, pindo kulia, mji katikati. Kwa kuwa vipande viwili vya 16 havitoki katika kigae kimoja cha 30, kila safu ilihitaji vigae kumi na kimoja; safu tatu ni 33. Wakanunua 37, maana vingine huvunjika katika kukata, na vingine lazima vibaki akiba. Walihakikisha pia kwamba nambari iliyopigwa kwenye maboksi ni moja, kwani weupe wa tanuri la leo si weupe wa tanuri la jana.

Zana zao hazikuwa nyingi: tindo na nyundo, pimamaji, timazi, mwiko wa kawaida na mwingine wenye meno, ndoo, sifongo, na zana ya mkono ya kukatia vigae ambayo waliikodi kwa siku moja. Zana hiyo hukwaruza mstari mmoja juu ya kioo cha kigae, kisha hukibonyeza kikapasuka pale pale. Ukikwaruza mara mbili tatu kwa wasiwasi kitapasuka kipendapo. Kwa tundu la soketi ya umeme hapana budi grinda, na miwani ya kukinga macho. Na umeme uzimwe kwenye swichi kuu, usizimwe kwenye soketi tu.

Siku ya kwanza haikubandikwa kitu. Iliosha mafuta na ikatoboa ukuta. Hapa ndipo wengi waharibupo, na hapa ndipo nilipotaka ukumbuke lile shimo la Kunduchi. Rangi ya mafuta ni adui wa kigae, kwani gundi itashika rangi, na rangi haijaushika ukuta. Siku itakapobanduka, itabanduka na kigae chake. Kwa hiyo rangi iliyolegea ikwanguliwe yote, na iliyogoma itobolewe kwa tindo vijishimo vingi vya karibu karibu, mpaka lipu ionekane. Wazee walikichimbia kigae nyumba. Sisi twakichimbia vyumba vidogo vidogo mia. Kisha vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji.

Meza za saruji za nyumba za kupanga aghlabu hazikunyooka. Ya mwalimu iliinama karibu sentimita moja kutoka sinki hadi jikoni. Ukiifuata meza, safu zote tatu zitainama pamoja nayo na jicho litasumbuka milele. Walipiga mstari kwa pimamaji, wakagongomea ubao mnyoofu juu ya mstari huo, wakaikalisha juu yake safu ya pili, kisha ya tatu. Ya chini wakaimalizia mwisho baada ya kuutoa ubao, wakikwangua vigae vyake kidogo upande ambao meza imeinuka.

Gundi ya unga ya dukani huchanganywa na maji mpaka ikawa kama unga wa mahamri kabla haujakandwa ukakaza. Ukiinua mwiko isitiririke. Hupakwa ukutani kwa eneo dogo, la vigae vitatu au vinne tu, ikachanwa kwa mwiko wenye meno ikafanya mistari ya upande mmoja. Kigae hubonyezwa na kusukwasukwa kidogo ili mistari ilale. Vigae vya kubandikwa kwa gundi hii havilowekwi. Wanaoloweka ni wale wanaotumia saruji tupu, maana kigae kikavu huinywa saruji maji yake kabla haijashika. Na usimuige fundi mvivu atiaye madonge matano nyuma ya kigae, moja kila pembe na moja katikati. Kati ya madonge hubaki uwazi; ndani ya uwazi huo mende hufanya makao, na siku sufuria itakapokigonga kigae kitapasuka. Kigonge kwa kifundo cha kidole. Kikilia tupu, king'oe ukirudie gundi ikiwa bado mbichi.

Kati ya vigae hutiwa vile vijiplastiki vyenye umbo la alama ya kujumlisha. Mama mmoja wa jirani alivikataa katika jikoni mwake akisema ni misalaba. Mwalimu wetu wa hesabu alicheka akamwambia ni jumlisha tu, na kwamba vyote huchomolewa kabla ya kuziba nafasi.

Palipohitaji subira zaidi ni hapa. Mombasa gundi ikipigwa leo, kesho yake imekauka. Eldoret, katika siku za mvua na baridi, saruji haina haraka. Walingoja siku mbili nzima kabla ya kutia grauti, na mama akapika kwenye jiko la makaa nje barazani, amejifunika shali. Grauti hupakwa kwa kipande cha mpira, ikasukumwa ndani ya nafasi kwa mshazari. Ukisukuma sambamba na nafasi utaichota tena. Baada ya robo saa hupanguswa kwa sifongo iliyokamuliwa sana, tena kwa mshazari. Utando mweupe unaobakia hufutwa kesho yake kwa kitambaa kikavu. Ila pale kigae kikutanapo na meza, usitie grauti. Ukuta na meza huenda mbali na kukaribiana kwa joto na baridi, na grauti itapasuka. Tia silikoni, inayonyumbuka. Na mikono ivae glavu siku zote mbili, maana saruji hula ngozi polepole.

Liko jambo moja ambalo dukani hawatakwambia. Siku hizi huuzwa vigae vilivyoandikwa Ayatul Kursi au Bismillahi kwa hati nzuri za dhahabu, na baadhi ya ndugu zetu wa bara, kwa mapenzi ya dini na upweke wa ugenini, huvibandika jikoni. Nia yao naijua na siilaumu. Lakini fikiri: aya nyuma ya karai, inarukiwa mafuta, inapanguswa kwa kitambaa kile kile kilichofuta samaki. Aya ina mahali pake, palipo safi na palipoinuka. Nyuma ya jiko panatosha kigae cheupe, au chenye nakshi za nyota na maua kama zile za vidaka vya Lamu. Wale wa Kapsoya walichagua vyeupe, na safu ya katikati buluu.

Waliokuwa wakicheka sasa wanakuja kuomba kuazima mwiko wenye meno. Vigae vitatu vilivyosalia mke amevifunga katika gazeti akavisimamisha chini ya sinki, na juu ya gazeti akaandika ile nambari ya boksi. Vile vipande vilivyobaki katika kukata, kimoja anatulizia sufuria ya moto, na kingine jirani amekiomba akatie chini ya mguu wa meza yake inayoyumba.